PuTTY: programu kongwe ya kuingilia seva za chuo ukiwa nyumbani

Mwanafunzi wa uzamili au mtafiti aliyepewa akaunti kwenye seva za chuo chake, naye anafanyia kazi nyumbani kwa kompyuta mpakato ya Windows na bando la simu, hatakawia kukutana na jina la PuTTY: limo kwenye maelekezo ya idara za TEHAMA, kwenye vitini vya wahadhiri na midomoni mwa waliomtangulia. Programu hii ya bure, aliyoiandika Simon Tatham wa Uingereza na kuanza kutolewa mwaka 1999, kazi yake kuu ni kufungua dirisha la maandishi ambamo kila unachokiandika, nenosiri likiwemo, husafiri kikiwa kimesimbwa, yaani kimefichwa kisisomeke njiani, kwa itifaki ya SSH (kanuni za mawasiliano salama kati ya kompyuta) hadi kwenye mashine ya mbali. Maoni yangu ni kwamba bado inastahili kuwamo kwenye kompyuta ya Windows, ila si kwa kila mtu, na kwa hakika si kila toleo.

SSH yenyewe ilizaliwa chuoni. Tatu Ylönen, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki nchini Ufini, aliibuni mwaka 1995 baada ya mtu kuuingilia mtandao wa chuo hicho na kunasa maneno ya siri, ambayo enzi hizo yalipita wazi kupitia telnet, njia ya zamani ya kuingilia mashine za mbali bila kusimba chochote, na programu za aina yake. PuTTY bado inaweza kutumia telnet, lakini kwa kazi ya chuo chaguo hilo liachwe kabisa.

Uzuri wake mkubwa ni wepesi. Faili la putty.exe halifiki megabaiti 5, halilazimiki kusakinishwa, na linaweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi, jambo linalomfaa sana anayetumia kompyuta ya familia au ya ofisi ambayo hana mamlaka ya kuongeza programu ndani yake. Kwa kuwa kinachopita ni maandishi tu, bando haliumii kama linavyoumia mtu anapoiletea kompyuta yake sura nzima ya skrini ya mbali. Hata mtandao ukiwa wa kusuasua, unaandika amri, unasubiri kidogo, na jibu linakuja.

Tahadhari inaanzia kwenye kupakua. Kwa miaka mingi ukurasa rasmi umekuwa kwenye tovuti ya chiark.greenend.org.uk, anwani ambayo mgeni huishuku kwa sura yake, ilhali putty.org, inayoonekana ndiyo yenyewe, haimilikiwi na waandishi wa programu hii. Nakala bandia zilizopachikwa virusi vya kuiba maneno ya siri zimewahi kusambazwa, hivyo tangazo lililolipiwa juu ya matokeo ya utafutaji lisibofywe.

Ukishaandika jina la seva na kuunganisha kwa mara ya kwanza, PuTTY hukuwekea onyo lenye alama ya utambulisho ya seva, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaoanza na SHA256, kisha hukuuliza kama unaikubali. Watu wengi hubofya "Accept" bila kusoma, na kufanya hivyo ni sawa na kumfungulia mlango mtu aliyebisha hodi kabla hujauliza ni nani. Idara makini huchapisha alama hizo ili mtumiaji azilinganishe. Ambayo haijazichapisha iulizwe. Na onyo likitokea tena baadaye likidai kwamba alama imebadilika, usiendelee mpaka msimamizi wa seva athibitishe kwamba kweli mashine imebadilishwa.

Badala ya kutegemea nenosiri pekee, ni salama zaidi kutumia jozi ya funguo, yaani ule wa umma unaowekwa kwenye seva na ule binafsi unaothibitisha kwamba ni wewe, na hapa ndipo PuTTYgen, programu ndogo inayoandamana na PuTTY, inapofanya kazi. Unachagua aina ya Ed25519, unazungusha kipanya juu ya eneo tupu la dirisha ili kuipa programu ubahatishaji inaouhitaji, unaweka neno la siri la kuulinda ufunguo, kisha unanakili ufunguo wa umma na kuupeleka kwenye faili la authorized_keys, yaani orodha ya funguo zinazoruhusiwa kuingia, kwenye seva. Ufunguo binafsi unabaki kwako katika faili la .ppk, muundo wa PuTTY wenyewe.

Lipo doa ambalo mhakiki hawezi kulinyamazia. Mwezi Aprili 2024 ilitangazwa kwamba matoleo ya 0.68 hadi 0.80 yalikuwa na kasoro katika kutia saini (hatua ambayo ufunguo binafsi hujithibitisha kwa seva) kwa funguo za ECDSA, aina nyingine ya funguo, za ukubwa wa P-521, kiasi kwamba anayezipata saini zipatazo 60 angeweza kuukokotoa ufunguo binafsi wenyewe. Toleo la 0.81 lilirekebisha kasoro hiyo, lakini kusasisha programu hakuuponyi ufunguo uliokwisha kutumika: ni lazima ufutwe kwenye kila seva na mwingine utengenezwe. Funguo za Ed25519 hazikuhusika.

Kiolesura ndicho kinachochosha. Unaingia ndani kabisa ya matawi ya menyu kuteua faili la ufunguo, unabofya kuunganisha, kila kitu kinakwenda sawa, na kesho yake mpangilio haupo, kwa sababu ulipaswa kurudi ukurasa wa kwanza na kubofya "Save" kabla ya kuunganisha. Kitufe cha kulia cha kipanya nacho hubandika papo hapo, na kilichonakiliwa kikiwa na mistari kadhaa ya amri, zinaweza kuanza kutekelezwa kabla hujazikagua. Muda wa kutuma pakiti ndogo za kuuweka hai muunganisho umewekwa sifuri tangu mwanzo. Anayetumia mtandao wa simu, ambao hukata miunganisho iliyokaa kimya, aubadilishe uwe sekunde 30 au 60. Hata hivyo, hilo halimsaidii umeme unapokatika, hivyo kazi ya saa nyingi iendeshwe kwenye seva ndani ya tmux, programu inayoiacha kazi iendelee hata muunganisho ukikatika, ili ukirudi uikute inaendelea.

Mshindani wake mkubwa umo tayari ndani ya Windows. Tangu mwaka 2018 Windows 10 imekuja na OpenSSH, programu ya SSH inayotumiwa kwa kuandika amri, hivyo mtu anaweza kufungua dirisha la amri, akaandika ssh, akaingia bila kupakua chochote. Chuo kinapowalazimisha watumiaji kupitia seva ya lango kabla ya kufika kwenye mashine za kazi, OpenSSH hulimaliza jambo hilo kwa herufi moja, -J, wakati PuTTY huwataka wapitie tena kwenye madirisha. Aliyezoea amri, mwenye Windows ya karibuni, sioni sababu ya kumpendekezea PuTTY. Ninampendekezea anayeanza, anayetaka kuona mipangilio yake ikiwa na majina na vitufe, pamoja na mwenye kompyuta ya zamani au ya kuazima. Akibadili mawazo baadaye, hatalazimika kutengeneza ufunguo mpya, kwani menyu ya "Conversions" ndani ya PuTTYgen huutoa ule ule wa .ppk katika muundo ambao OpenSSH inausoma.