Boti ya faiba au ya alumini: kwanza tazama italala wapi

Mwenye nia ya kununua boti ya kuvulia, ya mita 5 hadi 6, iliyo wazi na ya kubeba mashine ya nguvu za farasi 15 au 40, kwa kawaida huanza kuuliza bei kisha mbio. Swali la kuanzia ni jingine: maji yakipwa, boti hiyo italala juu ya nini? Unguja na Pemba maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4, na kwenye madiko mengi chombo hupwelewa mara mbili kwa siku. Miaka kumi ya kulalia mwamba au tope huimaliza boti kuliko miaka kumi ya kwenda baharini.

Faiba imeshazoeleka, hasa tangu serikali ilipoanza kugawa boti za aina hiyo kwa vikundi vya wavuvi na wakulima wa mwani. Alumini bado mgeni, na mgeni huyu ana sifa zake za kweli.

Chukua pwani za mashariki ya Unguja, kama Chwaka, ambako maji yakitoka huacha uwanda mpana wa mchanga, mawe na vipande vya matumbawe. Boti ikianza kugusa chini, kila wimbi dogo huinyanyua na kuiangusha pale pale. Faiba hapo hukwaruzika jelikoti, yaani ile ngozi ya rangi ya juu yenye unene wa nusu milimita tu, kisha nyuzi za kioo hubaki wazi na kufyonza maji. Jiwe lenye ncha huweza kuitoboa kabisa. Alumini ya milimita 4 hubonyea tu, na ni nadra kutoboka. Kwa diko la mawe, alumini nzito iliyochomelewa inashinda, wala hakuna haja ya kubishana.

Ipeleke boti hiyo hiyo kwenye mikoko, kama ile ya hori la Wete, hukumu inageuka. Alumini inalindwa na utando mwembamba sana ambao alumini yenyewe hujitengenezea ikikutana na hewa. Tope bichi au mchanga uliokwama chini ya sakafu huzuia hewa isifike, utando haurudi, na chumvi huanza kuchimba vishimo vidogo vidogo. Kwa nje boti inang'aa, kwa ndani ngama, yaani uvungu wa chini unaokusanya maji, imeshatoboka. Mwenye alumini lazima awe na sakafu inayofunguka na aoshe ngama kwa maji matamu angalau mara moja kwa wiki. Faiba haijali tope.

Kuhusu uzito, hesabu ni rahisi. Bati la alumini la milimita 4 lina kilo 10.8 kwa mita ya mraba. La milimita 3 lina kilo 8.1. Faiba ya milimita 8, unene unaofaa chini ya boti ya kazi, ina karibu kilo 12. Boti za alumini za kiwandani mara nyingi ni nyembamba kuliko hivyo, kwa hiyo ni nyepesi zaidi: huburutwa na watu wachache na hula mafuta kidogo. Lakini wepesi huo huo huwa tabu upande wa mkondo wa Pemba kusi likivuma. Boti huchukuliwa na upepo mvuvi akiwa na mshipi chini, na ikipiga wimbi hugonga kwa kishindo. Faiba kwa uzito wake hutulia zaidi. Jua la saa sita nalo hulifanya bati tupu liunguze nyayo, na barafu huyeyuka upesi likigusana nalo, kwa sababu alumini hupitisha joto mara mamia kuliko faiba. Sanduku la samaki lenye kuta nene za povu halikwepeki.

Jambo zito kuliko yote haya ni ukarabati.

Faiba inatengenezeka pwani, na mafundi wapo visiwa vyote viwili. Tobo la ukubwa wa kiganja kwenye faiba ya milimita 8 linazibwa hivi. Kata yote iliyovunjika mpaka uifikie faiba nzima, osha chumvi kwa maji matamu, anika siku mbili. Kisha saga kingo kwa mteremko wa 12 kwa 1, maana yake karibu sentimita 10 kuzunguka tobo. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: husaga sentimita mbili tatu, kiraka kinapendeza, halafu kinabanduka kwenye mawimbi ya kwanza kwa sababu hakina pa kushika. Futa kwa asetoni. Mati, yaani mkeka wa nyuzi za kioo, ya gramu 450 kwa mita ya mraba hutoa karibu milimita 1 kwa tabaka, kwa hiyo utahitaji tabaka 8, kila moja na ukubwa wake. Kwa jumla ni kama nusu mita ya mraba ya mati na rizini (gundi ya majimaji inayoganda) isiyozidi kilo moja, kwani kilo ya mati hunywa rizini kilo 2 hadi 2.5. Rizini ikizidi, kiraka huwa kigumu lakini chepesi kupasuka.

Hadina, yaani dawa ya kugandisha rizini, kwa joto letu la nyuzi 30, iwe asilimia 1: mililita 10 kwa kilo ya rizini. Usivuke asilimia 2. Fanya kazi kivulini, umande ukishakauka, na usilaze zaidi ya tabaka 3 au 4 kwa mkupuo, maana hujipasha moto zenyewe na kupasuka ndani. Vaa miwani, kwa kuwa tone moja la hadina linaweza kupofua. Likiingia jichoni osha kwa maji mengi dakika 15 bila kusita, kisha nenda hospitali. Na ikiwa rizini imeuzwa na kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda) kando, usiichanganye kobalti na hadina moja kwa moja kamwe, huweza kulipuka. Kobalti inakorogwa kwanza kwenye rizini yote, ndipo hadina ifuate.

Alumini haitengenezwi hivyo. Inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, lakini ule utando wake unahitaji zaidi ya nyuzi 2,000. Fundi asiyeusugua kwa brashi safi ya chuma kisichoshika kutu, na asiye na gesi ya argoni, atayeyusha bati kabla utando haujaachia. Fundi wa milango na madirisha ya alumini si jibu, kwa sababu yeye hukata na kufunga kwa skurubu, hachomelei. Kabla ya kulipa, hakikisha unamjua fundi wa argoni katika kisiwa chako, umeiona kazi yake, na anatumia waya wa kuchomelea wa namba 5356 au 5183. Ukimkosa, kila ufa ni safari ya kuvuka bahari.

Zipo pia desturi za vyombo vya mbao ambazo lazima ziachwe. Deheni, ile ya kupaka tumbo la chombo, ina chokaa, na chokaa bichi huila alumini. Saruji ya kuzibia nayo ni vivyo hivyo. Kuchoma tumbo la chombo kwa makuti huiharibu rizini ya faiba na hulegeza alumini. Rangi ya kuzuia mwani yenye shaba inafaa kwenye faiba. Kwenye alumini ni sumu, kwani shaba na alumini zikiwa pamoja ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Hata chubwi za risasi au kipande cha waya wa shaba kilichosahaulika kwenye ngama huacha shimo. Bolti za chuma kisichoshika kutu ziwekewe washa za nailoni, na chini ya maji pafungwe vipande vya zinki ili viliwe badala ya bati, vibadilishwe vikishaliwa nusu, navyo visipakwe rangi.

Wavuvi wa dagaa walitazame hili kwa makini zaidi. Taa za usiku zinataka betri, na fundi wa umeme aliyezoea magari hufunga waya hasi kwenye bodi. Akifanya hivyo kwenye boti ya alumini, umeme unavuja majini kupitia bati lenyewe na kulitoboa kwa muda mfupi wa kutisha. Kila taa iwe na nyaya zake mbili, na waya hasi usifungwe kwenye bati popote. Kwa kazi ya dagaa, ushauri wetu ni faiba.

Udhaifu wa faiba uko tezi, kwenye ubao unaobeba mashine. Ndani ya faiba huwa kuna plaiwudi, kwa kawaida tabaka mbili zinazofika milimita 40 hivi. Maji hupenya kwenye matundu ya bolti, plaiwudi inaoza, na nje huoni kitu. Shika mguu wa mashine, usukume juu na chini huku mwenzio akitazama ubao: ukicheza, umeoza. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Palipo pazima hulia, palipooza hunyamaza. Unene wa chini upime kwenye tundu la kizibo kwa rula, usikubali wa maneno. Urefu wa ubao nao uendane na mashine, inchi 15 kwa mguu mfupi na inchi 20 kwa mrefu. Bamba lililo juu ya feni ya mashine liwe sawa na chini ya boti: likiwa juu sana feni hunyonya hewa, likizama sana unachoma mafuta bure.

Kwa alumini, kataa boti ya ribiti yenye bati la milimita 1.6 iliyoundwa kwa ajili ya maziwa. Nje ya mwamba mawimbi hulegeza ribiti moja moja mpaka upo wa kukumbia maji hautoki mkononi. Chini iwe milimita 4, ubavuni 3, bati la alumini ya namba 5083, 5086 au 5052.

Na kuna jambo ambalo wauzaji wa pande zote mbili hawalisemi: mbao huelea hata chombo kikijaa maji, faiba na alumini huzama. Boti ya faiba ya kilo 300 na mashine ya 40 vinahitaji angalau lita 160 za hewa iliyofungwa ili visiende chini, na hapo hujahesabu watu. Weka lita 300: povu lisilonywa maji, au madumu 15 ya lita 20, yamefungwa vizuri na kukazwa chini ya viti ili yasichomoke.

Kwa wavuvi wengi wa visiwani tunachagua faiba, ya milimita 8 chini, na mkuku uliovishwa ukanda wa kuchakaa. Alumini tunampa mwenye diko la mawe, anayeburuta boti kila siku, asiyetumia taa za betri, na mwenye fundi wa argoni karibu. Yoyote utakayoichagua, siku ya kuipokea ipandishe juu ya magogo, ziba tundu, mimina maji ndani mpaka usawa wa sakafu, si zaidi, kisha pita chini yake na taa. Acha saa mbili. Palipolowa, chora alama kwa chaki kabla hujatoa pesa iliyobaki.