Foko ya shokapu kwa baiskeli ya milimani: XCM ibaki au uweke Recon?

Kila anayejenga baiskeli ya milimani kwa bajeti ya wastani hufika kwenye swali hili: foko ya springi, Suntour XCM, iliyokuja na fremu ibaki, au itolewe iwekwe ya hewa, RockShox Recon Silver RL? Sisi tunasema Recon, ila kwa fremu inayoikubali tu. Wengi huuliza kwanza shokapu inabonyea milimita ngapi, na hapo ndipo pesa hupotea. Anza na kichwa cha fremu, lile bomba fupi la mbele ambamo mrija wa juu wa foko hupita.

Toa hedseti (beringi za usukani na vikombe vyake), chukua kalipa ya kupimia, pima kipenyo cha ndani cha kichwa juu na chini. Kikiwa 34 mm kote, kama zilivyo baiskeli nyingi za mtumba za ringi 26, kinapokea mrija mnyoofu wa 28.6 mm peke yake. Recon nyingi zilizoko madukani zina mrija unaotanuka chini hadi karibu 40 mm, na huo hauingii humo hata kwa nyundo. Kikiwa 44 mm kote njia ipo: beringi ya juu inakaa ndani ya fremu, ya chini inakaa kwenye kikombe cha nje, na mrija mpana unapita. Kikiwa 44 juu na 56 chini, fremu ilitengenezwa kwa mrija huo na huna kazi ya ziada.

Kisha urefu wa foko, kutoka ekseli hadi begani, pale miguu inapoungana na mrija. Foko ya ringi 26 yenye mwendo (kiasi inachobonyea) wa 100 mm ina urefu wa kama 470 mm, na ya ringi 29 yenye mwendo huohuo hukaribia 500 au kuzidi kidogo. Kila 10 mm unazoongeza hulaza kichwa cha fremu kwa takriban nusu digrii. Ukiifunga foko ya 140 kwenye fremu ya 100, usukani unakuwa mzito kwenye kona za polepole, gurudumu la mbele linanyanyuka ukipanda mlima, na nguvu yote ya ziada inaishia kwenye weldi iliyo nyuma ya kichwa. Nyufa huanzia hapo, upande wa chini. Ongeza 20 mm kama ni lazima, usipite.

Habu, yaani kitovu cha gurudumu, nayo ina lake. Ekseli ya kwiki rilisi (ya kufungua kwa mkono) ya 9 × 100, yaani unene na upana kwa milimita, ya 15 × 100 na ya 15 × 110 hazibadilishani kirahisi, na mtu anayenunua foko ya 15 × 110 bila kukagua hujikuta ananunua na gurudumu. Recon hufunga breki ya diski pekee. Kama ringi zako ni za breki za V, zile zinazobana ringi yenyewe, tafuta XCM yenye vishikio vyake, maana hapo Recon haina nafasi.

Sasa tofauti yenyewe. XCM ina springi ya chuma, na kile kifundo cha juu hakibadilishi ugumu wake, kinaibana tu kidogo tangu mwanzo. Mwenye kilo 60 na mwenye kilo 95 wanapanda springi ileile: mmoja haibonyezi, mwingine anaimaliza kwenye shimo la kwanza. Matoleo ya bei ya chini hayana kirekebisho cha kasi ya kurudi, kwa hiyo kwenye mawe yanayofuatana foko inaruka kama godoro na tairi linaacha ardhi. Uzito wake ni kilo 2.5 au zaidi. Kwa barabara ya vumbi na safari za mjini inatosha, na haidai pampu maalumu.

Recon ina kilo 2.3 hivi, kwa hiyo usiinunue kwa ajili ya wepesi. Unalipia hewa unayoipima kwa uzito wako, dampa (kifaa kinachotuliza kasi ya kurudi) yenye kirekebisho chekundu chini ya mguu wa kulia, na miguu ya juu, ile inayoingia ndani ya miguu ya chini, ya 32 mm isiyopinda unapofunga breki. Kasoro yake kubwa ni kwamba miguu hiyo ya juu ni ya chuma. Kwa wakazi wa Mombasa, Tanga au Dar, chumvi ya bahari huanza kuitoboa kwa kutu usipoifuta. Recon Gold ina miguu ya alumini. Pwani tungeongeza pesa tuichukue hiyo.

Kuijaza hewa kunahitaji pampu ya shokapu, yenye mpira mwembamba na geji. Fuata chati ya presha ya foko yako, ibonyeze mara kadhaa, pima tena. Ule mlio wa “psii” unapotoa pampu ni hewa ya kwenye mpira, foko haijapoteza kitu. Sukuma oringi (kipete cha mpira kwenye mguu wa juu) hadi kwenye sili (mpira unaozuia vumbi pale mguu unapoingia), panda taratibu ukiwa umevaa kila kitu, shuka, kisha pima oringi imesogea kiasi gani. Kwa foko ya 100 mm tafuta 20 mm. Kwa kasi ya kurudi, shuka kingo ya barabara ukiwa umekaa: foko ibonyee, irudi mara moja, itulie.

Ukikata mrija, acha ncha yake 3 mm chini ya ukingo wa stemu (kinachoshika usukani), la sivyo kifuniko kitagusa chuma na hedseti itabaki inacheza. Kwa foko ya mtumba, mrija uliokatwa mfupi ndio mtego wa kwanza. Jumlisha kichwa cha fremu, hedseti, spesa (pete za kujazia) na stemu kabla ya kutoa pesa. Kisha pitisha ukucha kwenye miguu ya juu, hasa karibu na sili: ukikwama, iache, maana mkwaruzo huo utakula kila sili mpya. Baada ya kuifunga, kamata breki ya mbele, weka vidole pale mguu unapoingia kwenye sili, sukuma mbele na nyuma. Mchezo ukiusikia hapo, bushi (pete za ndani zinazoshika miguu ya juu) zimeisha. Ukiusikia begani, ni hedseti tu.

RockShox wanataka miguu ya chini ifunguliwe kila saa 50 za kuendesha. Toa hewa yote kwanza, bila kukosa. Legeza bolti mbili za chini mizunguko mitatu, zigonge kwa nyundo ya mpira, zitoe, vuta miguu ya chini, safisha, lowesha sponji za chini ya sili kwa oili, mimina oili ya kipimo cha mwongozo, kaza kwa Nm 7.3. Usipulize WD-40 kwenye sili wala kuzielekezea mashine ya kuoshea magari: ya kwanza huondoa grisi, ya pili huingiza maji na udongo ndani.