Emaili ya domeni yako: niipangayo ya kwanza, na kitufe ambacho wauzaji hawakitaji

Malalamiko ninayoletewa kutoka Mtwara mjini hadi Masasi yanafanana mno. Mtu kalipia emaili ya nje, yaani ya kampuni tofauti na inayobeba tovuti yake, kwa domeni yake (jina lake la mtandaoni), fundi kajaribu kutuma kutoka Gmail, zimefika, kalipwa na kuondoka. Baadaye mwenye gesti ya Mikindani anashangaa fomu ya tovuti yake haileti mgeni hata mmoja. Mfanyabiashara wa korosho naye anagombana na wakala wake wa forodha Dar kwamba hajatuma nyaraka. Wakala ametuma.

Kwa hiyo leo sizungumzii ukubwa wa sanduku wala kalenda. Hayo kila kampuni imeyaandika kwenye ukurasa wake wa bei.

Ukielekeza rekodi za MX, zinazosema barua za domeni zipelekwe wapi, kwa mtoa huduma mpya, seva zote duniani zinafuata, isipokuwa moja: ile inayobeba tovuti yako. Hiyo huenda bado inajiona ndiyo posta ya domeni yako. Barua inayotoka ndani yake, iwe ya fomu ya tovuti au ya mteja mwingine aliyepangishwa seva hiyohiyo, kama yule wakala wa forodha, haiendi kuuliza MX. Inatumbukizwa kwenye sanduku la zamani la cPanel (paneli ya kusimamia tovuti na emaili kwenye seva hiyo) ambalo hakuna anayelifungua. Aliyetuma harudishiwi kitu, nawe hupati kitu. Gmail iko nje, inasoma MX vizuri, ndiyo maana jaribio la fundi halioni tatizo.

Dawa yake: ingia cPanel, fungua “Email Routing”, chagua domeni, weka “Remote Mail Exchanger”. Usiiache ichague yenyewe, hasa kama DNS (orodha ya rekodi za domeni yako, MX zikiwemo) umeihamishia kwingine. Halafu fungua webmail ya zamani uokoe barua zilizolala humo kabla hujafuta chochote. Kuna wanaoipanga fomu itume kupitia SMTP (seva ya kutumia barua) ya mtoa huduma mpya wakadhani wamemaliza. Fomu itapona, lakini barua za jirani yako wa seva zitaendelea kupotea.

Sasa mpangilio wangu, na upendeleo siufichi.

Ya kwanza ni Zoho Mail, ya kulipia. Kifurushi chake kidogo ni kama dola 1 kwa mtu kwa mwezi ukilipa mwaka mzima, na kwa ofisi ya watu wanne pale Lindi sioni sababu ya kulipa zaidi. Maelekezo yake ya SPF na DKIM, rekodi zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, yanaeleweka. Kumbuka SPF ni rekodi moja tu kwa domeni. Ukiwa nazo mbili, zote zinahesabika mbovu. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti kwa watumaji, kwa hiyo usiliruke hilo.

Ya pili, Google Workspace. Nzuri, wafanyakazi wameshaizoea, ila bei inapanda kwa kila kichwa unachoongeza. Microsoft 365 ni ya tatu, kwa wanaoishi ndani ya Excel na Word.

Zoho ya bure haina IMAP (njia ya programu nyingine kusoma sanduku lako), kwa hiyo hutaiunganisha na Outlook. Emaili ya bure ya cPanel: hapana.

Na wauzaji wetu, jamani! Mtu yuko Dar, mteja yuko Newala, bei inatajwa kwa dola, na “kuseti MX” kunatozwa kama kuchimba kisima. Kanuni za Machi 2025 zimekataza kutaja bei kwa fedha za kigeni hapa nchini. Dai ankara ya shilingi, na kabla ya kulipa muulize kwa maandishi: cPanel yangu nitaingia mwenyewe, na “Email Routing” nitaiona? Akikujibu “hayo tuachie sisi”, tafuta mwingine.