Mashine ya kupimia sukari, kwa fundi anayekula kwa vidole vyake

Mimi ni fundi cherehani na nina kisukari cha aina ya 2. Mtaji wangu ni macho ya kutunga uzi, vidole vya kushikia kitambaa na mguu wa kukanyagia pedali, na sukari ikikaa juu miaka mingi huko huko ndiko inakoshambulia: mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho na mishipa ya fahamu ya miguuni, mbali na figo. Tena inakula kimya kimya, huumwi kitu. Kwa hiyo kujisikia vizuri si kipimo.

Mashine yenyewe ni ile ya kawaida ya kuchoma kidole. Kilichonikosha ni kalamu ya kuchomea. Ina kizungushio cha namba 1 hadi 5 cha kupanga sindano iingie kiasi gani. Naweka 2, nachoma ubavuni mwa kidole. Kwenye ncha kunauma zaidi, halafu ndipo ninaposhikia sindano ya kazi. Tone dogo linatosha, stripu (kile kijikaratasi cha kupimia kinachochomekwa kwenye mashine) inalivuta yenyewe, na baada ya sekunde chache jibu liko kwenye kioo kwa tarakimu kubwa. Nasoma bila miwani.

Ila pesa yangu imerudi kwenye kumbukumbu ya mashine, inayotenganisha vipimo vya kabla na baada ya kula. Asubuhi nilikuwa nasoma 6.1 (namba zangu zote ni za mmol/L), nikasema mambo shwari. Nikaja kupima saa mbili tangu tonge la kwanza la mchana: 12.4! Lengo la watu wazima wengi ni 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 baada ya mlo. Asubuhi peke yake isingenionyesha hilo kamwe. Daktari alipitia namba zote, tukapunguza wanga wa mchana, na sasa nikishakula natembea kidogo kabla ya kurudi kwenye cherehani.

Isikupe kiburi, lakini. Kiwango cha kimataifa kinaziruhusu mashine hizi kupishana na maabara kwa hadi asilimia 15, kwa hiyo 10 ya kweli inaweza kusomeka 8.5 au 11.5. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi 2 hadi 3, bado nakwenda kupima. Na osha mikono kwa sabuni, ukaushe: utamu wa tunda ukibaki kidoleni unapandisha namba bure.

Lawama zangu ziko kwenye stripu. Haipokei za kampuni nyingine, zinamaliza pesa kuliko mashine, na kifuniko cha kopo lake kinalegea upesi wakati unyevu ndio unaoziharibu. Ulizia stripu kwanza, mashine baadaye.

Nyota 4. Ya 5 imeliwa na stripu.