Miezi minne na msaidizi wa AI kwenye rauta ya lodge: uzoefu wangu

Lodge ninayotunza mtandao wake iko Bwiru, Mwanza, ina vyumba 22, na kila ikifika saa mbili usiku simu ya mapokezi ilikuwa inaanza kulia. "Waifai imejaa lakini haifungui." Mgeni wa chumba hiki analalamika, jirani yake anaangalia mpira bila shida yoyote. Nikifika asubuhi, kila kitu kizima. Mama mwenye lodge alishafika mahali pa kuniambia, "Mwanangu, wewe na hiyo rauta yako, mmoja wenu ananidanganya."

Mimi si mhandisi wa kusomea. Nilianza kwa kuuza vocha za waifai Mabatini, nikajifunzia rauta za MikroTik humo humo, kwa kukosea. Kwa hiyo niliposikia kwamba unaweza kumuunganisha msaidizi wa akili mnemba na rauta, akakusomea logi, yaani kumbukumbu za matukio ya rauta, na kukuambia anachokiona, nilitamani. Logi ndizo zinazonishinda. Mistari elfu, na wa maana ni mmoja.

Njia niliyotumia inaitwa MCP, yaani Model Context Protocol. Anthropic, kampuni ya akili mnemba, waliitoa Novemba 2024 ikiwa huria, na wenzao wa OpenAI wakaipokea mwaka uliofuata, hivyo hufungwi na msaidizi mmoja. Kwa lugha ya kijiweni, katikati ya msaidizi na rauta anakaa dalali, ambaye ni programu ndogo. Msaidizi akitaka kujua simu zipi zimeunganishwa, anamwambia dalali. Dalali anaingia kwenye rauta kwa akaunti uliyomfungulia, anachukua orodha, anairudisha. Ruhusa aliyonayo dalali ndiyo aliyonayo msaidizi. Lishikeni hilo, maana mimi nililisahau na likanigharimu.

Rauta yetu inaendeshwa na programu ya RouterOS 7, ambayo inakuja na REST API, mlango wa programu nyingine kuongea na rauta, kwa hiyo dalali wa kupakua bure alitosha. Ufungaji ulinichukua jioni moja, na sehemu kubwa ya jioni hiyo ilikuwa kugombana na cheti cha HTTPS.

Kesho yake, saa mbili na dakika kumi usiku, simu ya mapokezi ikalia kama kawaida. Nikaandika kwa Kiswahili changu cha kila siku: "Wageni wanasema waifai imejaa ila haifungui, hebu angalia." Akaita orodha mbili. Ya kwanza, vifaa vilivyoshika waifai: 41. Ya pili, anwani za IP (namba za kutambulika mtandaoni) ambazo rauta imevigawia vifaa hivyo: 23. Kisha akaniuliza swali ambalo kwa miezi sikuwahi kujiuliza: hao 18 waliobaki wamepewa anwani na nani?

Nilikaa nikaitazama hiyo sentensi. Orodha zote mbili nilikuwa nazo siku zote kwenye Winbox, programu ya kuisimamia MikroTik, kila moja kwenye dirisha lake. Sikuwahi kuzilaza pamoja.

Akapendekeza niwashe kipengele cha DHCP Alert, ambacho RouterOS inacho tayari, kazi yake kupiga kelele kikisikia mtu mwingine anagawa anwani ndani ya mtandao wako. Hazikupita dakika tano, logi ikatoa anwani ya MAC, namba ya kifaa chenyewe, nisiyoijua. Akaitafuta inakotokea: nyuma ya tundu la ether4. Ether4 ni waya wa jikoni.

Nikashuka jikoni. Juu ya friji, nyuma ya ndoo ya unga, kuna rauta ndogo nyeupe ya antena mbili, taa zinawaka. Mpishi aliileta kutoka kwake Igoma ili simu yake ishike vizuri aangalie ligi. Waya wa ukutani akauchomeka kwenye tundu la LAN (la mtandao wa ndani) badala ya WAN (la kupokea intaneti), na tangu siku hiyo kifaa chake kikawa kinashindana na rauta yangu kugawa anwani kwa lodge nzima. Aliyewahiwa na rauta yangu anaangalia mpira, aliyewahiwa na ya mpishi, isiyo na njia ya kwenda intaneti, anapiga simu mapokezi. Na kwa kuwa anaiwasha akiingia zamu ya jioni na kuizima akiondoka, asubuhi mimi nakuta amani. "Kaka," aliniambia huku anageuza sato kwenye mafuta, "mbona mimi siku nyingine inashika vizuri tu?"

Kwa kazi hiyo moja, nilimsamehe msaidizi mambo mengi. Kwa mfano lugha. Kiswahili chake ni kizuri kuliko nilivyotarajia, ila akiingia kwenye ufundi anatafsiri kila kinachopita. MikroTik ina kitu kinaitwa bridge, kinachoyafanya matundu ya rauta (kwa Kiingereza port) yawe mtandao mmoja. Siku moja akaniandikia: "Daraja lako lina bandari tano, na bandari moja haifanyi kazi." Mtu wa Mwanza ukimwambia hivyo unampeleka Kigongo–Busisi, kwenye kilomita 3 za daraja lililofunguliwa Juni 2025, halafu unamrudisha Bandari ya Kusini kuulizia meli. Nikamwambia majina ayaache yalivyo kwenye Winbox. Tangu hapo tunaelewana.

Sasa kosa. Simtaji msaidizi wala dalali kwa jina, kwa sababu aliyetoa ruhusa ni mimi.

Wiki ya tatu nilikuwa nimeshanogewa, nikampa akaunti ya kuandika, yaani ya kubadilisha mipangilio ya rauta. Nilikuwa kwenye kivuko kwenda Kamanga, kompyuta mapajani, hotspoti ya simu imewashwa, nimeingia mtandao wa lodge kwa WireGuard, njia salama ya kuingilia ukiwa mbali. Nikaona kwenye logi watu wa nje wanajaribu kubahatisha neno la siri la rauta. Nikamwandikia: "Zuia wote wa nje wasiingie kwenye rauta." Akaandika sheria sahihi kabisa ya firewall, yaani ulinzi wa mlangoni, akaiweka juu kabisa ya orodha.

Anayejua MikroTik ameshashika kichwa. Sheria zinasomwa kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza kukutana na pakiti (kipande cha mawasiliano) ndiyo inayoamua. Ile sheria ya kupokea majibu ya mawasiliano ambayo rauta yenyewe imeyaanzisha ikabaki chini, haifikiwi tena. WireGuard yangu ikakatika palepale, maana na mimi nilikuwa "wa nje". Kwa wageni ikawa kituko zaidi. Waliokuwa wanaongea WhatsApp waliendelea kuongea, kwa kuwa mazungumzo yao yanapita kwenye rauta bila kuishia hapo. Lakini rauta ndiyo inayowaulizia DNS, yaani jina la tovuti lina anwani gani, na majibu ya DNS kutoka nje yakawa yanatupwa mlangoni. Ukurasa mpya haufunguki.

Nikampigia dada wa mapokezi. Kompyuta yake iko ndani ya mtandao, sheria ile haimgusi, na Winbox yake ina neno la siri lililohifadhiwa (najua, najua). Simu katikati ya ziwa inakuja na kuondoka.

"Dada, fungua Winbox. IP, halafu Firewall. Mstari wa kwanza una alama gani?"

"Eksi nyekundu."

"Uguse mara moja tu. Sasa juu kuna alama ya kutoa, ibonyeze."

"Nyekundu pia?"

"Nyekundu pia, ila ni ya kutoa, siyo eksi."

Kimya. Honi ya kivuko. "Kaka, imerudi."

Ningefanya kwa mkono wangu ningewasha Safe Mode, ambayo ukikatika inarudisha mambo yalivyokuwa. Dalali wangu hapitii huko.

Jioni ileile nilimpokonya akaunti. Na hapa nawapa kitu ambacho maelekezo niliyofuata hayakukitaja: kundi la "read" linalokuja na MikroTik si la kusoma tu kama linavyoitwa. Ndani yake kuna ruhusa ya reboot, yaani anaweza kuizima na kuiwasha rauta yako, na ruhusa ya sensitive, inayoonyesha maneno ya siri. Tengeneza kundi lako mwenyewe. Weka read na rest-api, na kama unataka afanye ping (kupima kama kifaa kinajibu) ongeza test. Basi. Kwenye akaunti yenyewe andika anwani moja tu anayoruhusiwa kuingilia. Siku hizi akitaka kubadilisha kitu ananiandikia amri, naisoma, naibandika mwenyewe nikiwa na Safe Mode. Inanichelewesha dakika mbili. Sawa tu.

Kuna suala la wageni pia. Kila orodha anayoisoma inatoka Bwiru na kwenda kwenye seva za kampuni ya nje. Zamani kwenye vocha tulikuwa tunaandika jina la mgeni na namba yake ya simu. Tumeacha, sasa ni namba ya chumba pekee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, na sitaki kuijaribu kwa lodge ya mtu. Halafu majina ya simu. Mgeni anaweza kuiita simu yake chochote, na msaidizi analisoma jina hilo kama maandishi mengine yote. Tumeshapata "Baba Queen" na "Usiniguse". Mwenye nia mbaya anaweza kuandika hapo agizo kabisa, akitumaini msaidizi atalitii. Akaunti ya kuandika, hapana.

Mama naye amevutiwa. "Mwanangu, huyo si anaona kila kitu? Hebu niulizie chumba namba tisa wanaangalia nini usiku." Nikamweleza kwamba kwa HTTPS rauta inaona wanakokwenda, haioni wanachosoma, na hata hilo la wanakokwenda sitamuuliza. Alicheka. Bado sijajua kama alikuwa anatania.

Gharama: mimi nalipia dola 20 kwa mwezi, na msaidizi huyohuyo ananifanyia hesabu za ofisi ndogo ya dagaa ninayoisaidia karibu na Mwaloni, Kirumba. Kwa rauta moja ya nyumbani nisingelipa, Winbox na subira vinatosha. Kwa mwenye sehemu mbili tatu za kutunza na hana wa kumuuliza usiku, inalipa. Ila mjue laini ikikata, fundi wako kaondoka nayo, maana anakaa upande wa pili wa laini hiyohiyo. Weka bando kwenye simu.

Mpishi nilimfungia antena ya waifai jikoni, sasa anaona mechi zake. Ile rauta nyeupe aligoma kuirudisha Igoma. Iko palepale juu ya friji, imechomolewa, anawekea kiberiti juu yake.