Bureti ya dripu ya mililita 150: tathmini kutoka wodi ya watoto

Chupa ya maji ya mililita 500 iliyotundikwa juu ya kitanda cha mtoto mwenye uzito wa kilo 8 imebeba kiasi kinachokaribia damu yote iliyomo mwilini mwake, kwa kuwa mtoto wa uzito huo ana takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo. Ndiyo maana naikagua bureti, chombo cha kupimia maji ya dripu kabla hayajamfikia mtoto, ambacho wauguzi wengi tumezoea kukiita Soluset, kwa makini kuliko kifaa kingine chochote kinachopita mikononi mwangu. Hapa naeleza seti ya mililita 150 ambayo tumeitumia wodini kwa miezi minane, zamu za mchana na za usiku.

Kwa umbo ni mrija mpana wa plastiki angavu, wenye alama za kila mililita, unaokaa kati ya chupa na mpira wa dripu. Juu yake kuna kibano kinachofunga njia ya kutoka kwenye chupa, tundu la hewa lenye chujio, na mahali pa kuchoma dawa. Chini kuna boya dogo linaloziba njia maji yanapokwisha ili hewa isishuke mpirani, kisha chumba cha matone na kibano cha gurudumu cha kurekebishia kasi. Tone lake ni dogo, kwani matone 60 hufanya mililita 1, ilhali seti nyingi za watu wazima hutoa kiasi hicho kwa matone 20. Kwa hiyo idadi ya matone kwa dakika huwa sawa na idadi ya mililita kwa saa, na muuguzi aliyebaki peke yake saa nane usiku hahitaji kikokotoo. Kwa kanuni ya Holliday na Segar ya mwaka 1957 ya kukadiria maji anayohitaji mtoto kila siku, inayotoa mililita 100 kwa siku kwa kila kilo katika kilo 10 za kwanza, mtoto wa kilo 8 hupewa mililita 800, yaani 33 hivi kwa saa, nawe unahesabu matone 33 kwa dakika. Kwa seti ya watu wazima ungehesabu 11, na ukikosea matone manne tu umekosea zaidi ya theluthi ya kiasi chake.

Hata hivyo, kinachomlinda mtoto hasa ni kibano cha juu. Unajaza maji yasiyozidi ya saa mbili, kwa mtoto huyu mililita 66, kisha unakifunga kabisa. Gurudumu la chini likilegea, au mtoto akilichezea, atapata hizo 66 na si tone zaidi. Kibano cha juu kikiachwa wazi, bureti inageuka seti ya kawaida iliyouzwa kwa bei kubwa. Katika hospitali niliyofanya kazi zamani nilikuta alfajiri moja mtoto aliyepata maji ya saa sita ndani ya muda usiofika saa moja. Dripu ilikuwa imegoma kwa sababu chujio la hewa lilikuwa limelowa, mtu akafungua juu ili maji yashuke, akaitwa kitanda kingine. Mtoto alipona, lakini sijasahau jinsi alivyokuwa akihema.

Hofu hiyo ina msingi. Utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu, na kuchapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa waliopewa maji ya haraka, mililita 20 hadi 40 kwa kilo, walifariki kwa kiwango cha takriban asilimia 10.5 ndani ya saa 48, dhidi ya asilimia 7.3 kwa wasiopewa.

Kwa upande wa dawa, kifaa hiki kinahitaji uangalifu ambao maelezo yaliyokuja na pakiti hayautaji. Sisi hufuta mahali pa kuchoma kwa spiriti, huchanganya dawa kwa kutikisa taratibu, na kubandika kibandiko chenye jina la dawa, kipimo na saa. Tatizo ni mpira wenyewe, ambao unabeba mililita 10 hivi. Kichanga anayepokea mililita 4 kwa saa atangoja zaidi ya saa mbili kabla antibayotiki haijamfikia, na ukibadilisha mpira mapema umeitupa dawa pamoja nao. Kwa vichanga, basi, nachagua pampu ya sindano, au kuchoma taratibu karibu na kanula, yaani kijimrija kilicho mshipani, pale dawa inaporuhusu. Jambo la pili ni mabaki: antibayotiki ya seftriaksoni haipaswi kukutana na maji ya dripu ya Ringer, yenye kalsiamu, na kwa kichanga hatari hiyo ni ya kuua, ilhali mrija unaoonekana mtupu bado una matone ukutani.

Pia si kifaa cha kuokolea mtoto aliyekaukiwa maji kupita kiasi. Mpango C wa Shirika la Afya Duniani, wa kutibu ukaukaji mkali wa maji, unamtaka mtoto wa chini ya mwaka mmoja mwenye kilo 8 apate mililita 240 katika saa ya kwanza, na matone 240 kwa dakika hayahesabiki. Hapo tumia seti ya kawaida na usiondoke kitandani.

Seti hii niliyoitumia ina kasoro mbili. Wino wa alama hufifia ukiguswa na spiriti, hivi kwamba kufikia siku ya tatu namba za chini hazisomeki vizuri. Boya nalo, katika seti kadhaa, lilinata kwenye ukuta wa mrija na hewa ikashuka. Sasa tunagonga mrija kwa kidole kabla ya kuunganisha. Kibano cha juu, kwa bahati njema, ni imara na hutoa mlio kinapofunga, jambo ambalo gizani lina thamani kubwa.

Ningeinunua tena kwa watoto waliovuka uchanga, kwa sharti kwamba mtengenezaji achonge alama badala ya kuzichapa, na kwamba wodi isiwaachie wazazi gharama ya kuitafuta dukani mtoto akiwa tayari amelazwa.