Ripoti ya CAG ya Serikali za Mitaa: inamfaa nini mkazi wa Mbeya, Iringa na Njombe

Ripoti Kuu ya Mwaka ya Ukaguzi wa Serikali za Mitaa, inayoandaliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), hutolewa bure, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Gharama yake ni bando tu. Faili ni zito na kurasa ni mamia, kwa hiyo anayeifungua kwa simu akiwa Mwanjelwa au Kihesa aipakue yote kwanza, asijaribu kuisoma huku mtandao unakatika. Hapa tunaipima kama huduma kwa mwananchi: inamwonyesha nini kuhusu halmashauri yake, inamwacha wapi gizani, na aisome vipi ili asidanganyike.

Jambo la kwanza la kuisifia ni ratiba. Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, halmashauri zinakabidhi hesabu zake kwa ukaguzi ndani ya miezi mitatu, yaani hadi mwisho wa Septemba, na CAG anamkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi. Ibara ya 143 ya Katiba inataka ripoti iwasilishwe bungeni kabla ya kupita siku saba tangu kuanza kwa kikao, ndiyo maana kila mwaka tunaiona Aprili, Bunge la bajeti likiwa limeanza. Katiba ikaongeza kinga: Rais asipochukua hatua ya kuiwasilisha, CAG ataipeleka mwenyewe kwa Spika. Kwa hiyo hakuna mtu mwenye mamlaka ya kuikalia. Hiyo ni nguvu kubwa, na wananchi wengi hawajui kwamba wanayo.

Ila ratiba hiyohiyo ina ubaya wake. Ripoti iliyosomwa Aprili 2025 inahusu fedha za kati ya Julai 2023 na Juni 2024. Yaani shilingi iliyo changa kuliko zote humo ndani ina miezi tisa tangu itumike, na iliyo kongwe ina miezi ishirini na moja. Katika muda huo mkurugenzi anaweza kuwa amehamishwa na fundi wa zahanati ameshalipwa na kuondoka. Usiifungue ukitarajia habari za mradi unaojengwa leo mtaani kwako.

Kinachopotosha watu wengi kuliko vyote ni hati. Zipo nne: inayoridhisha, ambayo mtaani tunaiita hati safi, yenye shaka, isiyoridhisha, na ile ambayo mkaguzi anashindwa kutoa maoni kwa sababu hakupata vielelezo vya kutosha. Halmashauri ikipata hati safi, bango linawekwa, pongezi zinasomwa, na ukurasa wa mtandaoni wa halmashauri unajaa picha. Lakini hati safi ina maana moja tu: taarifa za fedha zimeandaliwa kwa viwango vya kihasibu na hazina kasoro kubwa ya kumpotosha msomaji. Haisemi kwamba barabara ilijengwa kwa bei halali, wala kwamba ushuru wote wa mpunga wa Mbarali au wa mbao za Mafinga ulifika benki. Halmashauri inaweza kuwa na hati safi na hapohapo ikawa na hoja nzito za ukaguzi, yaani kasoro ambazo mkaguzi anaitaka izijibu. Anayeishia kwenye hati amesoma jalada.

Kwa hiyo ruka sura za mwanzo, nenda kwenye viambatisho mwishoni. Hapo ndipo halmashauri zote 184 zimepangwa kwa majina na tarakimu, na hapo ndipo thamani ya ripoti nzima ilipo. Tafuta kwa jina tupu la halmashauri, kisha hakikisha umeshika halmashauri sahihi. Nyanda za Juu Kusini kosa hili ni rahisi mno kufanya: Jiji la Mbeya na Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya ni mbili tofauti, Busokelo ipo ndani ya Wilaya ya Rungwe lakini ina hesabu zake, Mafinga Mji siyo Mufindi, Iringa kuna Manispaa na kuna Wilaya, Njombe kuna Mji, kuna Wilaya, na Makambako Mji inajitegemea. Tumeona mijadala mikali ya mtandaoni iliyojengwa juu ya tarakimu ya halmashauri ya jirani.

Jedwali la kuanza nalo ni la mapato yaliyokusanywa yasipelekwe benki. Fedha za ushuru hukusanywa kwa mashine za POS, zile za mkononi zinazotoa risiti, na hoja zinazojirudia humo ni zilezile: mashine kufanya kazi nje ya mtandao kwa muda mrefu, mkusanyaji kubaki na fedha mkononi, miamala kurekebishwa bila kibali. Soma kichwa cha jedwali kwa makini. "Hazikukusanywa" na "hazikupelekwa benki" ni mambo mawili: la kwanza ni uzembe wa makisio au ufuatiliaji, la pili ni fedha iliyokwisha kutoka mfukoni mwa mkulima. Vilevile "malipo yasiyo na nyaraka" siyo lazima uwe wizi. Wakati mwingine hati za malipo zimepotea au zimewekwa vibaya. Ila ikiwa hoja hiyo imerudi miaka mitatu kwa halmashauri ileile, basi mwenye kuuliza ana haki ya kuuliza kwa sauti.

La pili ni mikopo ya asilimia 10. Sheria inaitaka halmashauri itenge sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani, baada ya kutoa mapato lindwa (yale ambayo matumizi yake yameshapangwa maalumu), kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hesabu unaweza kuifanya mwenyewe. Kama mapato yanayohusika ni shilingi bilioni 6, mfuko ulipaswa kupata milioni 600, yaani milioni 240, milioni 240 na milioni 120. Linganisha na kilichoandikwa. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya, kwa hiyo ukilinganisha miaka usishangae kuona pengo; angalia zaidi madeni ya zamani ya vikundi, ambayo ndiyo huvuja kimyakimya.

Sasa tuje kwenye upungufu unaotuuma: matangazo. Ukitaka kujua halmashauri yako imetumia kiasi gani kujitangaza, ripoti hii haitakusaidia. Chukua Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya. Gharama za siku zile zinagawanyika: banda linaingia kasma (kifungu cha bajeti) ya maonyesho na sherehe, vipeperushi vinaingia uchapishaji, redio inaingia matangazo, fulana na kofia zinaweza kukaa kwingine, na posho za watumishi kwingine kabisa. Kila kipande kinaweza kuwa halali na chenye risiti. Jumla yake haionekani popote. Mkaguzi hukagua kasma, mwananchi anauliza kuhusu shughuli, na wawili hao hawakutani.

Hili siyo jambo dogo. Kanada, mwaka 2004, Mkaguzi Mkuu Sheila Fraser alionyesha kwamba katika mpango wa serikali wa udhamini wenye thamani ya dola milioni 250 hivi, zaidi ya dola milioni 100 zilikwenda kwa kampuni za matangazo kama ada na kamisheni. Matangazo ni mahali pazuri pa kufichia fedha, kwa sababu ni vigumu kupima baadaye kama kazi ilifanyika; tangazo la redio likishapita halina tofali la kuhesabu. Jimbo la Ontario nalo lilitunga sheria mwaka 2004 ya kumtaka Mkaguzi Mkuu apitishe tangazo la serikali kabla halijarushwa, kuona kama linahabarisha au linapigia debe chama. Mwaka 2015 sheria hiyo ikalegezwa, na makali yakapungua. Kwetu hatuhitaji kuanza na mbali hivyo. Jedwali moja tu kwenye viambatisho, lenye jina la halmashauri, jumla ya matangazo, uchapishaji na maonyesho, lingetosha.

Kwa upande wa zabuni mambo yameboreka. Tangu 2023 zabuni za umma zinapita kwenye mfumo wa ununuzi wa mtandaoni wa NeST badala ya ule wa zamani, TANePS, na tangazo la zabuni linasomeka hapo bila kununua gazeti. Tatizo lililobaki ni fundi mdogo wa Tukuyu au Ilula ambaye hajajisajili.

Baada ya Aprili, ripoti inahamia kwa Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC, wakati PAC, Kamati ya Hesabu za Serikali, inashughulikia Serikali Kuu. LAAC inawaita wakurugenzi, ambao ndio maafisa masuuli, yaani wanaowajibika kwa matumizi ya halmashauri, na taarifa yake hujadiliwa na Bunge zima. Miaka ya karibuni mjadala huo umefanyika Novemba. Majadiliano yanapatikana kama Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, kwenye tovuti ya Bunge, faili moja kwa kila kikao, bila faharasa ya mada. Inabidi ujue tarehe kwanza. Huduma hii tunaipa alama ndogo: kumbukumbu ni kamili, lakini kuipata ni kazi ya mtu mwenye muda.

Kwa ripoti yenyewe, nyota tatu na nusu kati ya tano. Nusu tuliyoikata kwa mwisho ni ya viambatisho kutolewa ndani ya PDF badala ya jedwali la Excel ambalo mtu angeweza kulichuja na kulinganisha mwaka kwa mwaka.

Kuna njia mbili za kujaza mapengo, na zote zipo karibu. Ya kwanza ni baraza maalumu la madiwani la kujadili hoja za CAG, ambalo mara nyingi hufanyika Juni. Mikutano ya baraza iko wazi kwa wananchi. Nenda na nakala ya kiambatisho chako, na fuatilia hali ya kila hoja: imefungwa, inatekelezwa, haijatekelezwa, au imejirudia. Hili la mwisho ndilo la kumuuliza diwani wako. Kijijini, mkutano mkuu unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe hapo.

Ya pili ni barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Mwandikie mkurugenzi, siyo afisa habari. Usiombe "taarifa za matumizi". Utajibiwa kwa maneno matamu. Taja mwaka wa fedha, taja kasma tatu kwa majina yake, matangazo, uchapishaji, na maonyesho na sherehe, na uombe kwa kila moja kiasi kilichoidhinishwa, kilicholipwa na jina la mlipwaji. Peleka nakala mbili masjala, wakugongee muhuri wa kupokea wenye tarehe kwenye nakala yako, na siku 30 zihesabiwe kuanzia hapo.